Toeni viroba kwenye utoro wa lambo kabla ya masika

Vuli ikikatika, kwenye malambo mengi ya Handeni na Korogwe hufanyika jambo lile lile: viroba vya mchanga vinapangwa kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ili maji ya ng'ombe na bustani yabaki mengi. Machi masika yanaingia, viroba bado vipo, na tuta linakatika.

Ndugu wakulima, lambo la kuzuia mafuriko hufanya kazi kwa ile nafasi tupu iliyo juu ya maji. Ukiijaza mapema, mafuriko yatakosa pa kukaa.

Tupige hesabu. Tuseme utoro una upana wa mita 6, na sakafu yake iko mita 1 chini ya kilele cha tuta. Maji yakipita humo kwa kina cha sentimita 50, zinatoka karibu mita za ujazo 3.6 kila sekunde, na juu inabaki nusu mita kavu ya kukinga mawimbi. Panga viroba vya sentimita 50: maji yale yale sasa yanafika kileleni. Ukitaka ibaki walau robo mita kavu, kina kinachobaki ni sentimita 25, na utoro unatoa mita za ujazo 1.3 tu. Kina kimepungua kwa nusu, lakini uwezo wa kutoa maji umepungua kwa karibu theluthi mbili! Maji yakishapita juu ya tuta, humega mteremko wa nje na kula kurudi bwawani. Saa chache zinatosha.

Kwa hiyo mwisho wa Februari viroba vyote viwe vimetoka, hata ile safu moja ya chini mnayoiacha kwa kusema "ni kidogo". Ondoeni pia magogo, miba na nyavu za samaki. Kisha pimeni kilele cha tuta kwa mpira wa maji (bomba laini lenye maji, la kuonyesha usawa) kila baada ya mita 5, kwa sababu maji yatapita pale palipotitia.

Palipotitia au penye shimo la panya buku, msimwage mkokoteni wa udongo mkavu juu yake. Huko ni kuficha shimo. Chimbeni hadi mwisho wake, kateni vidato (ngazi) kwenye kuta za shimo, lowesheni, jazeni udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila tabaka. Udongo unaofaa huviringika kwa unene wa penseli bila kukatika wala kunata mkononi. Juu pandeni ukoka. Miti kwenye tuta ing'olewe ingali michanga.

Mnaotaka maji zaidi, fukueni tope Septemba, mita 10 au zaidi kutoka kitako cha tuta. Kuinua utoro au tuta kunahitaji kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde lenu.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, kagueni kitako cha nje. Unyevu kidogo wa maji safi kwa kawaida si tatizo. Yakitoka yenye matope, tuta linaliwa ndani: wekeni mchanga, kisha kokoto, kisha mawe juu yake, na mwite fundi siku hiyo hiyo. Msizibe kwa mfinyanzi upande huo, maji yatatafuta njia nyingine ndani ya tuta.