Kuvua na watoto Mida: ulizeni maji kwanza

Mkipanga kwenda na familia kuvua kwenye hori (mkono wa bahari) ya Mida, pale Watamu, pwani ya Kenya, ulizeni maji yanajaa saa ngapi ndipo mpatane na nahodha. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa sehemu kubwa hubaki matope, na chombo kikikwama mtakaa juani na watoto saa nzima nzima. Ingieni yakiwa yanajaa. Kujaa huchukua kama saa 6, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo msitegemee saa ya jana. Jaketi za kuokolea wavisheni watoto nchi kavu, kisha kila jaketi muishike mabegani muivute juu: ikifika masikioni, ni kubwa mno. Mida ni hifadhi ya bahari, basi waulizeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kutupa mshipi.