Dohani ya jiko la kuni ughaibuni: bei ya kuisafisha na kinachoipandisha

Pauni 60 hadi 90: hiyo ndiyo bei ya kawaida ya kusafishiwa dohani moja ya jiko la kuni Uingereza. London na kandokando yake jiandae kwa 80 hadi 120. Kwa aliyekulia Ngamiani au Makorora kule Tanga, ambako kuni huwashwa uani na moshi ukajiendea zake, kulipa pesa hizo kila mwaka kwa ajili ya masizi huonekana ni kutupa hela. Si kutupa hata kidogo. Ila bei hiyo inaweza kukaa hapo hapo au ikapanda mara mbili tatu, na sehemu kubwa ya tofauti iko mikononi mwa anayewasha moto: anachoma kuni gani, na usiku anauachaje.

Kazi ikifanywa inavyotakiwa huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Fundi hutandika mashuka sakafuni, hufungua jiko, kisha hukitoa kile kibamba kilichokaa juu ndani yake, kinachouzuia moto usikimbilie moja kwa moja kwenye bomba. Mafundi wa haraka hukiacha hapo hapo, na hilo ni kosa. Masizi yanayokwanguliwa yote huangukia mgongoni mwa kibamba, rundo likabaki, na dohani iliyolipiwa juzi ikaanza kurudisha moshi sebuleni. Kibamba kikishatoka, fundi huuziba mdomo wa jiko kwa shuka lenye tundu, akapandisha brashi kwa fito anazoziunga moja baada ya nyingine, mashine ya kufyonza vumbi ikiwa inafanya kazi pembeni. Toka nje uangalie juu ya paa. Kama kofia ya dohani haina wavu wa kuzuia ndege, utaiona brashi ikichomoza. Mwisho huwashwa kidonge cha moshi kuhakikisha dohani inavuta na hakuna moshi unaopenya chumbani.

Muulize mapema anatumia brashi gani. Majiko mengi ya kisasa yana bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu lililoteremshwa ndani ya dohani ya matofali, kwa kawaida lenye kipenyo cha milimita 125 au 150. Bomba hilo linataka brashi ya plastiki au nailoni. Brashi ya waya mgumu ni ya matofali, na ikiingia kwenye bomba hilo huliharibu. Kulibadilisha ni kazi ya pauni elfu moja na zaidi, kwa hiyo swali hili moja la kwenye simu lina thamani kubwa.

Uingereza hakuna sheria inayomtaka msafisha dohani awe na leseni. Yeyote anaweza kununua brashi leo na kesho akaitwa fundi. Ndiyo maana watu huchagua mafundi walioidhinishwa na HETAS, shirika linaloorodhesha mafundi wa majiko ya kuni, au wanachama wa vyama vya wasafisha dohani, National Association of Chimney Sweeps na Guild of Master Chimney Sweeps, wenye mafunzo na bima. Akimaliza, akupe cheti chenye tarehe, anwani, aina ya jiko na kasoro alizoziona. Kitunze pamoja na karatasi za bima ya nyumba, maana moto ukitokea, kampuni ya bima inaweza kukiuliza. Seti za kujisafishia zipo madukani, zile za kuzungushwa kwa drili, na zinafanya kazi, lakini cheti hazikupi. Kama umepanga nyumba, soma mkataba kabla ya kulipa chochote: mwingine unamtwika mpangaji usafishaji, mwingine unamwachia mwenye nyumba.

Siku ya kazi, jiko liwe limezimwa tangu jana yake na limepoa kabisa. Sogeza viti na zulia, fundi apate kama mita mbili mbele ya jiko.

Vinavyopandisha bei ni vichache lakini vinauma. Cha kwanza ni viota. Kunguru wadogo wa huko hupenda kutia vijiti ndani ya dohani wakati wa majira ya kuchipua, na kukitoa kiota kilichokauka hufika pauni 150 na kuendelea kwa sababu ni kazi ya saa nyingi. Kiota kinachotumiwa na ndege hakiguswi: sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza, na itabidi usubiri makinda yaondoke. Kofia yenye wavu ni nafuu kuliko hayo yote. Cha pili ni msimu. Kuanzia Septemba hadi Novemba kila mtu anapiga simu, na unaweza kusubiri wiki kadhaa. Kiangazi ratiba zao zina nafasi. Nyumba yenye dohani mbili, zote zisafishwe siku moja, maana ya pili mara nyingi hupunguzwa bei. Na uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake, kwa kuwa ni asilimia 20.

Cha tatu ndicho kikubwa, nacho ni lami. Kuni mbichi zikichomwa, nguvu nyingi ya moto huishia kuchemsha maji yaliyomo, moshi unapanda ukiwa umepoa, na utomvu wake unagandia kwenye kuta za bomba. Yachunguze masizi. Yakiwa ya unga mkavu, mweusi au wa kahawia, unaopukutika kidoleni, moto wako uko sawa. Yakiwa ya kung'aa, magumu, yamegandiana kama lami ya barabarani, brashi ya kawaida haitayatoa; hapo hutakiwa dawa, minyororo ya kuzungusha, au bomba jipya. Hiyo lami ndiyo inayowaka dohani inaposhika moto.

Tabia ya kubana hewa usiku ili kuni zidumu hadi asubuhi inazalisha lami ile ile, hata kama kuni ni kavu. Choma moto mdogo wenye mwali, uuache uishe.

Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. England, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa ujazo ulio chini ya mita 2 za ujazo lazima ziwe na nembo ya Ready to Burn inayothibitisha hilo. Kipima unyevu ni kama pauni 15 hadi 20. Pasua gogo, upime upande uliopasuliwa sasa hivi, maana ganda la nje hudanganya. Sisi watu wa pwani tuna jicho la kuni, tukikuta kigogo kimetupwa ufukweni tunaona riziki. Kigogo hicho usikichome kwenye jiko la chuma: chumvi ya bahari hutafuna bomba. Mbao zilizopakwa rangi au dawa nazo ziachwe.

Anayewasha kila jioni asafishe mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi na katikati yake. Anayewasha wikiendi tu, mara moja inatosha.

Sasa hili la wageni. Mama au shangazi akija kutoka Tanga mwezi wa Januari, ataona tundu ukutani linaloingiza baridi, na kwa huruma zake ataliziba kwa kanga. Mweleze siku ya kwanza kwamba jiko linavuta hewa hapo. Jiko linalozidi kilowati 5 hutakiwa kuwa na tundu la kudumu, na katika nyumba mpya zisizopenyeza hewa hata dogo linalihitaji. Likizibwa, au dohani ikijaa masizi, kaboni monoksaidi hurudi chumbani, nayo haina harufu wala rangi. Jiko la mkaa la kuchomea mishikaki lisiingizwe ndani kamwe, hata likiwa limebaki makaa matupu. Uani kwetu sumu hiyo ilipeperushwa na upepo. Ndani ya madirisha ya vioo viwili inaua watu usingizini. Funga king'ora chenye alama ya EN 50291, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko. England mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kukiweka katika chumba chenye jiko la kuni. Watu wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, msianze kutafuta dawa.

Ukisikia ngurumo dohanini na cheche zinaruka juu ya paa, funga matundu yote ya hewa ya jiko, toa watu, piga 999, namba ya dharura ya Uingereza. Usimwage maji ndani ya jiko, litapasuka.

Mlioko Ujerumani hali ni tofauti: kusafisha ni wajibu wa kisheria. Tangu 2013 unaweza kujichagulia fundi, lakini ukaguzi wa mara mbili katika kila miaka saba ni wa msafishaji wa eneo lako, na ratiba yako imeandikwa kwenye hati anayokupa. Hati hiyo usiitupe.

Na wenye nyumba za wazee kule Lushoto, zenye mahali pa moto pa matofali: huko hutegemei kampuni, unategemea fundi mwashi na brashi utakayompelekea. Mwombe apime tundu la dohani kwa ndani, urefu kwa upana, pamoja na kimo kutoka mekoni hadi juu. Nunua brashi ngumu inayolizidi tundu kidogo, na fito za kutosha kimo hicho na mita moja ya ziada. Kazi ifanyike Mei, kabla ya baridi ya Juni hadi Agosti, na aizungushe fito upande wa kukaza tu, kwani akizungusha kinyume zitafunguka na brashi itabaki katikati ya dohani.