Namna ya kumfundisha daktari tarajali kumhudumia mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua

Daktari tarajali anayeanza kazi katika wodi ya wazazi huwa ameshaihifadhi dozi ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba. Kinachomponyoka damu inapomwagika ni mpangilio wa kazi, yaani nani aite msaada, nani asugue mji wa mimba na nani aweke kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa. Kwa sababu hiyo zoezi la kuigiza dharura hiyo lifanyike wodini, pamoja na wakunga atakaokuwa nao zamu ya usiku.

Mkunga mmoja aigize mzazi, akiwa amejifunga kifaa cha mafunzo kama MamaNatalie, ambacho humwezesha kutoa damu ya bandia kadiri apendavyo. Usimtajie tarajali kiasi kilichotoka, bali mwache akisome kwenye shuka la plastiki lenye vipimo, kwani macho hukadiria pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kupima hivyo na kutoa matibabu yote kwa pamoja kulipunguza kwa asilimia 60 hatari ya mama kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo, au kufariki.

Kila agizo litolewe kwa kumtaja mtu jina, naye alirudie kwa sauti na kutoa taarifa akimaliza. Mtu mmoja aandike saa ya kila hatua, hasa ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, ambayo hutolewa gramu 1 polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Dawa za zoezi ziwe chupa tupu zenye alama, lakini mtu atumwe kweli hadi kwenye jokofu la oksitosini. Hapo ndipo hugundulika kwamba ufunguo umeondoka na msimamizi.

Mjadala wa baadaye upewe muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Wa cheo cha chini aanze kuzungumza, na tarajali aulizwe alichokiona na alichokifikiri kabla ya kuambiwa alichokosa. Kumkaripia mbele ya wenzake ni kosa kubwa la mkufunzi, maana anayeogopa kuaibika huchelewa kuita msaada.

Zoezi lirudiwe siku hiyohiyo kwa kisa tofauti: mji wa mimba umekaza, damu bado inatoka, na tarajali anapaswa kutafuta mchaniko kwenye njia ya uzazi.