Grafu ya seva: angalia saa na mapengo ya umeme
Mnaotunza seva Mtwara, Masasi au Lindi, mkichora mzigo wa prosesa kutoka data za sysstat (programu inayorekodi matumizi ya seva), zitoeni hivi:

sadf -dT -- -u | sed 's/.*LINUX-RESTART.*//' > mzigo.csv

Msiiache hiyo T ya -dT. Bila yake muda hutoka kwa UTC (saa za kimataifa), saa 3 nyuma yetu: msongamano wa saa mbili asubuhi unaonekana 05:00, na mtu anahangaika kusaka kazi ya alfajiri ambayo haipo.

Sehemu ya sed inaacha mstari mtupu pale seva ilipowaka upya. Pasipo huo, gnuplot (programu ya kuchora grafu) huunganisha nukta za kabla na baada ya umeme kukatika, kana kwamba mashine ilikuwa kazini muda wote.

Kitenganishi cha safu ni nukta-mkato (;). Safu ya 10 ni %idle, yaani asilimia ya muda prosesa ilipokaa bila kazi, basi kupata mzigo chora 100-$10.