SOMO: Jinsi washiriki wa chemshabongo za televisheni wanavyojaza maarifa ya jumla kichwani na kuyatoa kwa wakati

Mtu anaweza kusoma ensaiklopidia mwaka mzima na bado akaulizwa jina la mto akabaki ameduwaa. Kusoma ni kazi moja, kukumbuka ni kazi nyingine, na televisheni hupima hiyo ya pili. Washiriki wazuri hutumia muda mwingi kujiuliza kuliko kusoma. Hatua zote zilizo hapa zinasimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Ujue mchezo wenyewe

Vipindi havifanani. Who Wants to Be a Millionaire?, kilichoanza Uingereza mwaka 1998, hukuwekea majibu manne uchague moja, kwa hiyo kulitambua jibu ukiliona kunatosha. Mastermind ya BBC, iliyoanza mwaka 1972, humimina maswali mfululizo huku saa ikikimbia. Pale kusema "pita" mapema kuna faida kuliko kukaa kimya ukihangaika. University Challenge (1962) na Jeopardy! ya Marekani (1964) ni michezo ya kitufe: ukijua jibu lakini ukachelewa kubonyeza, ni sawa na kutojua.

Jeopardy! ina madokezo 61 kwa mchezo: 30 ya duru ya kwanza, 30 ya pili na moja la mwisho. Ukibonyeza kabla taa za pembeni mwa ubao hazijawaka, kitufe chako hufungwa kwa robo sekunde, na robo sekunde hiyo inamtosha mwenzako kukupita. Kwenye University Challenge ukikatiza swali la mwanzo (lile linalogombewa kwa kitufe) na kukosea, unapoteza pointi 5. Andika kanuni za namna hii za kipindi unachokilenga, kwa sababu ndizo zitakazokuambia ujifunze nini na ufanye mazoezi gani.

Hatua ya 2: Pima ulipo

Chukua maswali 100 kutoka vipindi vilivyopita, yajibu bila msaada, kisha yapange kwenye safu tatu: niliyoyajua, nisiyoyajua kabisa, na yale ambayo nilipoonyeshwa jibu nilisema "kumbe hili nalijua!" Safu ya tatu ndiyo mali. Maarifa yale tayari yamo kichwani, yamekosa njia ya kutokea tu, na kuyafungulia njia ni rahisi kuliko kuanza somo jipya. Wengi huiruka safu hii wakakimbilia wasiyoyajua, na wanapoteza wiki nyingi.

Kando ya kila swali andika mada: jiografia, historia, sayansi, fasihi, muziki, sanaa, michezo. Baada ya maswali 300 hivi utaona mashimo yako bila kubahatisha.

Hatua ya 3: Anza na mifupa

Maarifa ya jumla yana mwisho, ingawa hayaonekani hivyo. Watunga maswali hurudi mahali palepale kwa sababu swali zuri lazima liwe na jibu moja lisilobishaniwa. Ndiyo maana wanapenda "wa kwanza", "wa pekee", "mrefu kuliko yote". Mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu: Valentina Tereshkova, 1963. Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya Fasihi: Wole Soyinka, 1986.

Mifupa yenyewe ni hii: nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa pamoja na miji mikuu, sarafu na bendera, elementi 118, washindi maarufu wa Nobel tangu 1901, wenyeji wa Kombe la Dunia tangu Uruguay 1930 na wa Olimpiki, marais wa Marekani na wafalme wa Uingereza, tamthilia za Shakespeare na wahusika wake wakuu. Kwenye elementi, anza na zile ambazo alama yake haifanani na jina lake la kawaida: Na ni sodiamu, K potasiamu, Fe chuma, Ag fedha, Sn bati, Sb antimoni, W tungsteni, Au dhahabu, Hg zebaki, Pb risasi. Hizo huulizwa mno.

Kisha jifunze jozi. Dokezo likitaja Norwe na mchoraji, jibu karibu kila mara ni Munch. Norwe na tamthilia, Ibsen. Norwe na mtunzi wa muziki, Grieg. Ufini na mtunzi wa muziki, Sibelius. Mshiriki anayejibu hivi huenda hajawahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa Sibelius. Usiishie hapo lakini: sikiliza walau mara moja, tazama mchoro wenyewe. Jina lililoshikamana na sauti au picha hukaa muda mrefu kuliko jina tupu.

Roger Craig, aliyeshinda dola 77,000 katika mchezo mmoja wa Jeopardy! mwaka 2010, rekodi ya siku moja kwa wakati ule, alitumia kompyuta kuchambua maswali ya zamani aone ni mada zipi hujirudia. Si lazima ufike huko. Daftari na ile hesabu ya hatua ya 2 vinatosha.

Hatua ya 4: Tengeneza kadi

Kadi ni kipande cha karatasi chenye swali mbele na jibu nyuma. Hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi. Kadi mbaya huandikwa: "Eleza habari za Marie Curie." Huwezi kujua kama umeijibu au hujaijibu. Igawe:

– Mtu pekee aliyepata Nobel katika sayansi mbili tofauti? (Marie Curie: Fizikia 1903, Kemia 1911)
– Elementi namba 84, iliyopewa jina la nchi alikozaliwa Marie Curie? (Poloniamu, kutokana na Polandi)
– Binti wa Marie Curie aliyepata Nobel ya Kemia 1935? (Irène Joliot-Curie)

Kadi moja, jambo moja, jibu lisilozidi maneno matatu au manne. Na uso wa mbele uwe dokezo, nyuma jina, maana ndivyo swali litakavyokujia. Ukijifunza "Ulaanbaatar ni mji mkuu wa Mongolia" kwa upande mmoja tu, siku ukiulizwa kwa upande wa pili utagugumia. Mambo ya jozi kama hayo yawe na kadi mbili zinazotazamana.

Idadi: kadi mpya 15 hadi 20 kwa siku. Usiongeze kwa sababu leo una hamu. Kila kadi mpya inadai marudio mengi mbele ya safari; kadi 20 mpya kwa siku, baada ya wiki chache, huzaa marudio 150 hadi 200 kila siku. Anayeanza na 60 huzidiwa ndani ya mwezi na kuacha kabisa.

Hatua ya 5: Rudia kwa kupishanisha siku

Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba usahaulifu ni mkali zaidi saa na siku za mwanzo, kisha unapungua kasi. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe karibu, yanayofuata yaachane zaidi na zaidi. Mjerumani Sebastian Leitner alieneza njia ya masanduku katika miaka ya 1970: kadi zote huanzia sanduku la 1, linalorudiwa kila siku. Ukipata, kadi inapanda. Sanduku la 2 rudia kila baada ya siku 2, la 3 siku 4, la 4 siku 8, la 5 siku 16. Ukikosa, kadi inarudi la 1 bila huruma. Programu ya Anki, iliyotoka mwaka 2006, inakupangia siku hizo yenyewe.

Jibu kwa sauti KABLA ya kugeuza kadi. Ukigeuza kwanza na kusema "aa, nilijua", unajidanganya. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walilinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na wale waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, wenzao 42. Ndiyo maana kusoma tena kunaleta hisia tamu ya kujua, halafu kunakutupa siku ya mchezo.

Hatua ya 6: Ndoano kwa majina magumu

Majina ni magumu kwa sababu hayana maana ya kushika. Mpe jina maana kwa lugha unayoota nayo. Ulaanbaatar: "ulaani bata", muone Mmongolia amepanda farasi, anamlaani bata aliyekaa njiani. Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu: "tuvae, tutafune futi", wanafunzi wamevaa sare wanatafuna rula. Picha ikiwa ya ajabu ndivyo inavyoganda.

Kwa orodha yenye mpangilio, kama wafalme au marais, tumia njia ya nyumba, inayohusishwa na mshairi Mgiriki Simonides: tembea akilini katika nyumba unayoijua, weka mtu mmoja kila kituo, mlangoni, kwenye kiti, kwenye meza. Usitumie ndoano kwa kila kitu. Kadi inayokaa yenyewe iache, kwa kuwa kila ndoano inakula sekunde wakati wa kujibu.

Hatua ya 7: Zoea kujibu kwa presha

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kalamu ya kubonyeza mkononi, kipindi kikiwa kinaendelea. Bonyeza pale mwendesha kipindi anapomaliza silabi ya mwisho. Hesabu pia mara ulizobonyeza ukakosea.

Hisia ya "hili nalijua" huja kabla ya jibu lenyewe. Wazoefu hubonyeza kwa hisia hiyo, kisha hutumia sekunde walizopewa kulivuta jibu, Jeopardy! hutoa sekunde 5. Jipime: katika mara 20 ulizohisi unajua, ulipata ngapi? Zikiwa 17 au zaidi, bonyeza mapema. Zikiwa 12, hisia yako bado haijakomaa, subiri kidogo.

Jina likiwa ulimini halitoki, usirudie jina la uongo linalojitokeza, maana kila ukilitaja linazidi kuziba njia. Zunguka: nchi gani, karne gani, kazi gani? Wanasaikolojia Brown na McNeill walionyesha mwaka 1966 kwamba mtu aliye katika hali hiyo mara nyingi anajua herufi ya kwanza au idadi ya silabi. Basi pita herufi moja moja, A, B, C, ukitamka mwanzo wa kila moja.

Hatua ya 8: Tupa kilichochacha

Weka mwaka kwenye kadi za mambo yanayobadilika. Swaziland ni Eswatini tangu 2018. Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, iliitwa Nur-Sultan mwaka 2019, ikarudi kuwa Astana 2022. Pluto si sayari kamili tangu 2006. Pitia kadi hizo kila miezi sita.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mkuu. Kwa mtu anayeanza sifuri, miezi mingapi?
Jibu: Kadi 20 kwa siku kwa siku 180 ni kadi 3,600. Hiyo inafunika mifupa yote ya hatua ya 3 na kubakiza nafasi ya kuziba mashimo yako. Dakika 40 hadi 60 kila siku, bila kuruka. Ukiruka siku tatu marudio yanarundikana. Hapo simamisha kadi mpya hadi umalize deni.

Swali: Nachanganya vitu vinavyofanana: Slovakia na Slovenia, Manet na Monet. Nikirudia ndiyo vinazidi kuchanganyika. Nifanyeje?
Jibu: Kuzirudia kando kando kunazidisha tatizo, kwa sababu kila moja inavuta nyingine. Tengeneza kadi ya kuzitenganisha: "Kati ya Slovakia na Slovenia, ipi mji wake mkuu ni Ljubljana?" (Slovenia, Slovakia ni Bratislava.) "Aliyechora Olympia ni Manet au Monet?" (Manet; mayungiyungi ni ya Monet.) Fanya hivyo kwa Niamey ya Niger na Abuja ya Nigeria, na kwa Kingston ya Jamaika na Kingstown ya Saint Vincent. Ukiona kadi umeikosa mara sita, usiendelee kuilazimisha, iandike upya.

Swali: Kuna ubaya kutumia kadi zilizotengenezwa na wengine?
Jibu: Kwa bendera, miji mikuu na elementi hakuna ubaya, ila hakikisha ni za karibuni. Kwa fasihi, historia na sanaa tengeneza zako, maana kuchagua cha kuandika ni nusu ya kujifunza.

Swali: Mambo kama opera na falsafa yananichosha, hayaingii. Nikiyaacha nitapoteza kiasi gani?
Jibu: Usiyaache, badili kitabu. James Holzhauer, aliyeshinda michezo 32 mfululizo ya Jeopardy! mwaka 2019, alisema alisoma vitabu vya watoto kwa mada zisizomvutia. Vina picha, sentensi fupi, na vinachagua yale makuu tu, ambayo ndiyo huulizwa. Opera 15 kwa mtunzi, mhusika mkuu na anavyokufa zinakutosha kwa kuanzia.

Swali: Kwenye mchezo wa majibu manne, msaada utumiweje, dada?
Jibu: Hadhira itumie mapema, kwenye maswali ya filamu, vyakula na michezo, wengi wakijua, wengi hupiga kura sahihi. Kwenye maswali ya juu hadhira hubahatisha nawe. Simu ni sekunde 30: soma swali na majibu yote manne kwanza, usitumie hata sekunde kusalimiana, na umwombe rafiki aseme ana uhakika asilimia ngapi. Panga marafiki kwa mada, mmoja wa sayansi, mwingine wa michezo, mwingine wa historia. Na kabla ya kutumia 50:50, msaada unaoondoa majibu mawili yasiyo sahihi, taja kwa sauti majibu mawili unayoyakataa, ujue kama kweli unauhitaji.