Jinsi ya kununua santuri zetu za zamani kwenye minada ya mtandaoni bila kukamuliwa na walanguzi

Ilikuwa santuri ya inchi 7 ya bendi moja ya Tanga. Lebo yake ilikuwa imechakaa ukingoni, na tangazo lilirudia neno moja kwa herufi kubwa: NADRA, NADRA, NADRA. Nikalipa dola 85 pamoja na posta. Wiki saba baadaye nakala nyingine ya santuri hiyo hiyo, safi kuliko yangu, iliingia mnadani ikaishia dola 19. Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Yule muuzaji alikuwa nazo nne, akizitoa moja moja kila baada ya miezi, na kila moja akiitangaza kuwa ya mwisho.

Watu waliokuwa wakubwa Tanzania mwaka 1983 wanalijua vizuri neno mlanguzi. Ndio wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa walioficha sukari, sabuni na vitambaa ili bei ipande. Anayeficha santuri tatu ili ya nne ionekane haipatikani anafanya kazi ile ile. Ila tusimwonee kila mwenye bei kubwa. Kuna aliyezunguka, akasafisha, akasikiliza pande zote mbili, akafungasha vizuri, na mnada nao ukamkata zaidi ya asilimia 10. Huyo ana haki ya faida yake. Ninayemsema ni anayedanganya kuhusu uhaba, anayedanganya kuhusu hali, au anayejipandishia dau mwenyewe.

Hivi ndivyo ninavyonunua sasa.

Hatua ya 1: Ijue santuri kabla hujaitamani

Jina la wimbo halitoshi. Nyimbo zilizovuma zilitolewa tena na tena, mara lebo ya rangi hii, mara ile, mara kwenye santuri ndogo, mara ndani ya albamu. Andika vitu vitatu: jina la lebo, namba ya katalogi iliyochapwa juu yake, na herufi zilizokwaruzwa kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hizo za mwisho huonekana ukiinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha. Ndizo zinazotenganisha toleo la kwanza na yaliyofuata.

Kisha ifungue kwenye Discogs, hifadhi kubwa ya taarifa za santuri iliyoanzishwa mwaka 2000 huko Portland, Marekani. Muziki mwingi wa dansi wa Tanzania ulitolewa na kampuni zilizokuwa Nairobi, kwa hiyo usishangae bendi ya Morogoro au Tabora kuonekana chini ya Kenya. Taarabu na muziki mwingine wa pwani utaukuta kwenye lebo kama Mzuri, ya duka la Assanand and Sons la Mombasa.

Hatua ya 2: Tazama bei iliyolipwa, achana na iliyoandikwa

Hapa ndipo wengi wanapochunwa. Unafungua tangazo, unaona dola 400, unadhani hiyo ndiyo thamani. Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Pengine santuri hiyo imekaa pale miaka mitatu bila mtu kuigusa, ila kwa kuwa ni nakala pekee iliyotangazwa wakati huo, kila anayepita anaichukua kuwa kipimo. Halafu muuzaji wa pili anakuja, anaiona 400, anaweka yake 380, na wewe unamwona mwema.

Discogs inakuonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu zilizowahi kulipwa, na tarehe ya mauzo ya mwisho. Mimi naanzia ile ya kati. Kwenye eBay, tovuti kubwa ya minada, chuja matangazo ubaki na vitu vilivyouzwa tu. Yataonekana ya siku 90 zilizopita. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, tovuti ya Popsike hukusanya matokeo ya minada ya santuri ya miaka mingi.

Kitu kimoja cha kuangalia sana: bei moja iliyoruka juu haimaanishi soko limepanda. Watu wawili waligombana usiku mmoja, basi. Tafuta mauzo matatu au manne yanayokaribiana.

Hatua ya 3: Usidanganywe na herufi za hali

Wauzaji wengi hutumia vipimo vya Goldmine, jarida la wakusanyaji wa santuri. NM (Near Mint) ni karibu na mpya. VG+ ina alama ndogo lakini inasikika vizuri. VG (Very Good), ambayo kwa jina ingekuwa nzuri sana, kwa kweli ina mikwaruzo utakayoisikia wimbo ukitulia. G (Good) ni mbovu, japo jina linasema nzuri. Walanguzi wanalijua hilo: wanaandika VG, wanatoza bei ya NM.

Na kwa santuri zetu, uhaba uko hapa hasa. Nakala za nyimbo maarufu zipo nyingi. Zilizo safi ndizo chache, kwa sababu zilipigwa baa, harusini na uani, kwenye gramafoni zenye sindano iliyochakaa na vumbi la kutosha. Kwa hiyo neno nadra bila hali haliniambii kitu. Omba picha ya santuri yenyewe iliyopigwa kwa ubavu chini ya taa, pande zote mbili. Uliza imesikilizwa au imeangaliwa kwa macho tu. Asiyejibu maswali hayo mawili, mpite.

Hatua ya 4: Tumia Kiswahili chako

Hii ndiyo silaha yetu, na nasikitika kuona hatuitumii. Muuzaji wa Ulaya au Marekani ananunua shehena ya santuri za Afrika Mashariki asijue hata neno moja lililoandikwa juu yake. Anakosea majina. Mbaraka Mwinshehe nimemkuta kama Mwinyshehe, Mwinshele, na mara moja jina la ukoo limekatwa likabaki Mbaraka peke yake. Jamhuri Jazz inakuwa Jamuhuri au Jamhuli. Taarabu inaandikwa tarab, tarabu, taraab. Mara nyingine jina la wimbo linawekwa mahali pa jina la bendi.

Anayetafuta kwa tahajia sahihi hayaoni matangazo hayo, na mnada usio na watazamaji haupandi. Kwa hiyo tengeneza orodha ya makosa na uyahifadhi kama misako ya kudumu ili upelekewe taarifa. Halafu tafuta bila jina kabisa: santuri ya inchi 7, Kenya, au Swahili peke yake, au jina la lebo. Pita kwenye mafungu yasiyo yake pia. Nimepata muziki wa dansi wa Dar es Salaam umewekwa kwenye rumba ya Kongo, na Cuban Marimba ya Morogoro, ile ya Salum Abdullah, imewekwa kwenye muziki wa Kilatini kwa sababu ya hilo neno Cuban.

Soma lebo kwenye picha. Nakumbuka tangazo la fungu la santuri 11 bila majalada, limeandikwa tu muziki wa Afrika, bei ya kuanzia dola 15. Nilikuza picha hadi ikaanza kupasuka. Ya tatu kutoka kushoto, chini ya kidole gumba cha muuzaji, nikasoma mwisho wa neno: “…mic Jazz”. Atomic, ya Tanga. Fungu zima lilinifikia kwa dola 23 kabla ya posta.

Kiswahili kinakulinda upande wa pili pia. Mlanguzi hupenda kubandika majina ya mitindo ya muziki kama funk na psych kwenye kila kitu, kwa kuwa wanunuzi wa aina hizo hulipa sana. Wewe ukisikiliza sekunde 30 za sauti aliyoweka utajua ni wimbo wa kawaida wa kusifu mavuno.

Hatua ya 5: Chunguza nani anapandisha dau

Kujipandishia dau ni marufuku eBay, na si kosa la kanuni za tovuti tu: mwaka 2010 huko Uingereza muuzaji mmoja alitiwa hatiani mahakamani kwa kuweka madau kwenye vitu vyake mwenyewe kwa akaunti ya pili. Bado wapo wanaofanya.

Bonyeza idadi ya madau. Utaona majina yaliyofichwa, herufi mbili na nyota katikati, na idadi ya maoni ambayo kila mmoja amepewa na waliofanya naye biashara. Mbonyeze mnunuzi anayekutia shaka. eBay itakuonyesha alichofanya siku 30 zilizopita: ameweka madau mangapi, ameondoa mangapi, na asilimia ngapi ya madau yake yamekwenda kwa muuzaji huyu. Mtu mwenye maoni 2, asilimia 100 kwa muuzaji mmoja, anayepanda hatua ndogo ndogo siku nne kabla ya mwisho kisha ananyamaza, simwamini. Mkusanyaji wa kweli hatangazi hamu yake mapema hivyo. Na santuri ikiuzwa leo, halafu baada ya siku sita ikarudi na picha ile ile, doa lile lile kwenye lebo, jua mshindi alikuwa wa nyumbani. Ripoti tangazo, uondoke.

Hatua ya 6: Dau moja, dakika ya mwisho

Mnada wa eBay kwa kawaida unafungwa kwa saa iliyotajwa; hauongezwi muda hata madau yakimiminika. Na mfumo hupanda kwa niaba yako hadi kikomo ulichoweka, kwa hatua ndogo tu juu ya mwenzako. Tuseme bei inasomeka dola 21 na kikomo changu ni 48. Aliye mbele yangu aliweka kikomo cha 37. Nikibonyeza, bei itasimama 38, kwa kuwa kati ya dola 25 na 100 hatua ni dola moja. Silipi 48.

Kwa hiyo amua kikomo mchana, akili ikiwa imetulia, ukiwa na takwimu za hatua ya 2 mbele yako. Kiandike kwenye karatasi. Weka dau mara moja, sekunde kama 8 kabla ya kufungwa. Ukiweka mapema unampa mwenzako muda wa kukasirika, na unampa muuzaji mwovu nafasi ya kupima kikomo chako kwa akaunti yake ya pili. Intaneti yako ikiwa ya kusuasua, weka dakika moja kabla. Ukishindwa, funga simu. Nyingine itakuja.

Hatua ya 7: Bei ikiwa imepangwa, andika barua

Usimtukane mtu. Mimi naandika hivi, kwa lugha yake: “Habari. Naitafuta santuri hii kwa ajili ya kuisikiliza, siuzi. Nakala za hali hii zimeuzwa mwaka huu kwa dola 22, 26 na 24. Nipo tayari kulipa 25 leo.” Wengine hawajibu. Wengi hujibu, kwa sababu santuri isiyouzika inawajazia rafu. Asipopunguza, iweke kwenye orodha ya unazotaka na usubiri. Nimesubiri moja miezi 14 ikashuka kutoka 120 hadi 40.

Tazama pia kama kuna toleo jipya. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, ilitolewa upya na Strut, kampuni ya muziki ya London. Kama unachotaka ni muziki, kwa nini ulipe bei ya karatasi kuukuu?

Hatua ya 8: Posta, ushuru, malipo

Jumlisha kila kitu kabla ya kuweka dau. Bei ndogo yenye posta kubwa ni mtego wa kawaida. VAT ya mzigo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, bila kuhesabu ushuru wenyewe. Nunua kadhaa kwa muuzaji mmoja, na omba santuri isafirishwe nje ya jalada lake ili isilipasue. Lipa ndani ya tovuti tu. Anayekuomba utume pesa kama unamtumia ndugu anakuondolea haki ya kurudishiwa. Mzigo ukifika, zisikilize santuri wiki hiyo hiyo. eBay kwa kawaida hukupa siku 30 za kulalamika.

Kama sanduku ni la nyumbani kwenu

Ulanguzi unaanzia huku. Nilikuwa Chumbageni, Tanga, kwa bibi mmoja, rafiki wa marehemu mama yangu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umechelewa. Kijana amekuja jana, ameniahidi elfu hamsini kwa sanduku lote. Kesho anakuja na bajaji.”

Tulikaa barazani tukazitoa. Santuri 64. Saba kati ya hizo, kila moja peke yake, ilikuwa inauzwa nje kwa zaidi ya hiyo elfu hamsini. Kijana alipokuja, bibi alimwambia sanduku haliuzwi, akamkaribisha chai.

Akija mtu kwenu, usikubali bei siku hiyo. Piga picha lebo za pande zote, moja moja, na uzipitishe kwenye hatua ya 2. Zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika usizibebe rundo. Zinavunjika kama sahani ya udongo. Usizisugue kwa spiriti. Kisha ukitaka kuuza, tangaza mwenyewe: tahajia sahihi, hali ya kweli, mkwaruzo uutaje, na bei ya kuanzia iwe ile ambayo mnada ukiishia hapo hapo hutajuta.