Ofa imeingia kwenye kikoa chako: ninavyoamua kukubali, kupandisha au kuacha

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Mwanza alinipigia simu saa tano usiku. Kuna mtu kamwandikia, anataka kikoa chake, yaani jina la tovuti, kwa dola 650. Ni jina la maneno mawili ya Kiswahili ya mambo ya kusafirisha mizigo, .com, alilisajili miaka mitatu nyuma kwa dola kumi na ushee. Alikuwa ameshaandika jibu la "nakubali", bado kubonyeza tu. Pembeni kuna rafiki yake anamwambia asishuke chini ya dola 5,000. Nikawauliza wote wawili: kwa nini 650, kwa nini 5,000? Hakuna aliyekuwa na hesabu. Tulikaa kwenye simu hadi saa saba kasoro tukipitia hatua ambazo naziandika hapa.

Nanunua na kuuza vikoa, au domeni kama wengi tunavyosema, tangu 2014. Nina majina kama 120, karibu yote ni .com, machache .co.tz na .co.ke. Mwongozo huu ni wa majina ya kawaida, ya dola mia kadhaa hadi elfu chache. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na jina la kiwango hicho lina hesabu zake.

Hatua ya 1: Angalia tarehe

Ingia kwa msajili wako, yaani kampuni uliyosajilia jina, tazama jina linaisha lini. Kama limebakiza wiki chache, lilipie kwanza. Kama umelisajili chini ya siku 60 zilizopita, mwambie mnunuzi mapema kwamba halitahama kwenda kwa msajili mwingine mpaka siku hizo zitimie.

Hatua ya 2: Je, jina ni alama ya biashara ya mtu?

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Tafuta jina lako kwenye Google, halafu kwenye kanzidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la dunia la haki miliki, ambayo ni bure. Kama anayeandika ni kampuni yenye alama hiyo, tena waliisajili kabla wewe hujachukua jina, usimtajie bei. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia vikoa duniani, ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro hii, UDRP, na kumtajia bei kubwa mwenye alama ni kitu kinachoweza kutumika kama ushahidi kwamba ulisajili kwa nia mbaya. Ada ya kufungua shauri WIPO mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, kwa hiyo usifikiri kampuni itaogopa gharama. Maneno ya kawaida ya lugha, kama lile la mdogo wangu, hayana shida hii mara nyingi. Tulitafuta, hatukukuta kitu, tukaendelea.

Hatua ya 3: Nani anaandika?

Wanunuzi ni wa aina mbili. Kuna mwenye biashara anayetaka kulitumia jina, na kuna mchuuzi mwenzako anayetaka kuliuza tena. Mchuuzi hatakupa zaidi ya sehemu ndogo ya bei ya dukani, kwa sababu naye anatafuta faida. Mwenye biashara analipa kwa sababu jina litakaa kwenye magari, kwenye risiti na kwenye barua pepe za wafanyakazi wake.

Ninavyowatofautisha: naitazama anwani ya barua pepe. Kama inatoka kwenye kikoa cha kampuni, nakifungua. Kampuni inayotumia jina refu, au jina lile lile lenye .co.tz, au yenye neno "group" limebandikwa mwishoni, ina sababu ya kulitaka la kwako. Kama ni Gmail tupu, natafuta jina kwenye mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kuona kama kuna kampuni imesajiliwa karibuni kwa maneno hayo; kwa Kenya natazama kwa msajili wa biashara wa kule. Natazama pia kama jina hilo hilo limechukuliwa kwenye .net, .co.ke, .africa. Kila liliposajiliwa kuna mtu aliyewahi kulipenda kiasi cha kutoa pesa.

Jihadhari na mmoja: anayekupa bei kubwa kuliko uliyoota, bila kuvutana, halafu anasema umletee tu cheti cha thamani kutoka mtandao fulani anaouamini yeye. Huo mtandao ni wake. Ukilipia cheti, humsikii tena.

Hatua ya 4: Tafuta bei yako ya mwisho kabla ya kujibu

Hapa ndipo nilipopotezea pesa na miaka, kwa hiyo nitakaa.

Mwaka 2017 nilipata ofa ya dola 1,900 kwa jina la neno moja la Kiswahili na jingine la Kiingereza. Nilikuwa nimelitangaza kwa dola 5,000. Nikajibu kwamba 5,000 ndiyo bei, sishuki. Yule bwana hakujibu. Mwezi mmoja baadaye biashara yake ilifunguliwa kwa jina lile lile likiwa na neno la ziada. Nikalipia ada ya jina langu miaka sita zaidi, hakuna aliyeuliza tena, nikaliacha liishe. Niliona nimekataa 1,900 kwa sababu ni ndogo kuliko 5,000. Lakini 5,000 haikuwepo mezani. Mezani palikuwa na 1,900 upande mmoja, na upande wa pili jina lisilo na mnunuzi. Ofa unailinganisha na kile kitakachobaki mkononi mwako mnunuzi akiondoka, na hicho kina hesabu yake.

Kwenye biashara hii tunakadiria kwamba kati ya majina 100, moja au mawili huuzwa kwa mwaka. Tuseme asilimia 1.5. Jina umelitangaza dola 3,000, soko la mtandaoni ulikolitangaza linakata kamisheni asilimia 15, kwako inafika 2,550. Ada ya mwaka ni dola 12. Ukilishikilia miaka 10, uwezekano wa kuuzika ndani ya muda huo wote ni kama asilimia 14. Asilimia 14 ya 2,550 ni dola 357. Toa ada utakazolipa, kama dola 112 (si 120 kamili, kwa sababu likiuzwa katikati unaacha kulipa). Kinabaki kama dola 245.

Rudia kusoma hapo. Jina uliloliandikia dola 3,000, siku ambayo hakuna mtu mlangoni, lina thamani ya dola 245 kwako. Akija mtu na ofa ya 800, hiyo ni zaidi ya mara tatu yake.

Sasa tahadhari, maana hesabu hii ukiibeba kichwakichwa utauza kila kitu kwa bei ya kutupa.

Kwanza, ile asilimia 1.5 ni wastani wa mzigo mzima, na majina hayafanani. Kama jina limeulizwa na watu watatu tofauti ndani ya miaka miwili, hilo si la wastani. Weka asilimia 4 badala ya 1.5 na ile 245 inakuwa kama 750. Hapo ofa ya 800 imekaribiana kabisa na thamani ya kusubiri, na una haki ya kuvutana kwa nguvu. Ndiyo maana naandika kila ulizo linaloingia, hata la mtu aliyetaka kulichukua kwa dola 50: tarehe, kiasi, nchi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye vikoa kinachopotea ni kumbukumbu ya nani aliwahi kugonga.

Pili, bei ya 3,000 yenyewe umeitoa wapi? Usiitoe kwenye mashine za kukadiria thamani. Nimezijaribu kwa majina ya Kiswahili, na hazijui kwamba "mizigo" ni neno linalotafutwa kila siku kutoka Kariakoo hadi Mombasa. Zinahesabu herufi na kukupa namba. Mimi natumia NameBio, ambayo imehifadhi mauzo yaliyokwisha kufanyika. Natafuta majina ya umbo lile lile: maneno mawili, .com, sekta inayokaribiana. Mauzo ya Kiswahili ni machache mle, kwa hiyo natazama ya Kiingereza kisha napunguza, kwa sababu wanunuzi wa jina la Kiswahili wako kwenye eneo dogo zaidi.

Tatu, tazama mzigo wako wote. Majina 120 kwa dola 12 ni dola 1,440 kwa mwaka. Nikiuza mawili kwa mwaka, kila jina lililouzwa lazima libebe 720 ya ada kabla sijala hata shilingi. Nikizoea kukubali dola 500, kwangu inafika 425, na nafanya kazi mwaka mzima kuwalipa wasajili. Dawa yake si kukataa ofa ya 500 iliyo nzuri kwa jina husika. Dawa ni kuacha yale majina 40 ambayo hayajaulizwa tangu uyanunue. Hesabu ya kukubali ofa na hesabu ya kupunguza mzigo ni mbili. Nimeona watu wakizichanganya, wanamkatalia mteja mzuri ili wafidie majina mabovu.

Nne, hali yako. Kama karo ya shule inadaiwa Januari, dola 650 ya leo ina uzito ambao hesabu ya miaka kumi haiuoni. Liseme wazi moyoni mwako, usijifiche kwamba ni mkakati. Ila usimwambie mnunuzi.

Kwa jina la mdogo wangu: maulizo mawili kwa miaka mitatu, .co.tz yake imechukuliwa, na anayeandika alikuwa na barua pepe ya kampuni ya malori. Tukaweka asilimia 3, tukatangaza kimoyomoyo 3,000. Thamani ya kusubiri ikaja kama dola 560. Kwa hiyo 650 ilikuwa inakubalika, tena vizuri. Tuliandika kwenye karatasi: chini ya 600 hapana, na hatutamwachia aondoke kwa kitu chochote kinachozidi hapo. Yule rafiki wa 5,000 hakufurahi.

Hatua ya 5: Jibu

Ofa kukubalika hakumaanishi ukubali ile ya kwanza. Karibu hakuna anayeanza na kiasi chake cha juu. Jibu siku hiyo hiyo, kwa barua pepe. Sipatani bei kwa simu wala WhatsApp. Sauti inakusaliti na maandishi hayabaki sawasawa. Tulituma hivi:

"Habari za leo. Asante kwa ofa yako ya dola 650. Naweza kuliachia jina kwa dola 1,600, malipo kupitia Escrow.com. Bei hii inasimama hadi Ijumaa jioni."

Namba moja, njia ya malipo, siku ya mwisho. Escrow.com ni mtandao unaoshika pesa za mnunuzi mpaka jina limfikie. Hakuna hadithi ya jinsi jina lilivyo zuri. Angekuwa hajui asingeandika. Akirudi na namba, shuka kwa hatua zinazopungua: 1,600, kisha 1,350, kisha 1,250. Ukiruka moja kwa moja katikati, umemfundisha kwamba ukisukumwa tena utaruka tena. Na akinyamaza, mwandikie mara moja baada ya siku tano, umwambie ofa yake ya mwisho bado unaweza kuipokea. Hiyo barua ndiyo ambayo sikuituma 2017.

Alipanda hadi 900. Tukasema 1,250. Akasema 1,050 na hana zaidi. Tukakubali.

Hatua ya 6: Pesa kwanza

Ukishaandika "nakubali" umefunga mkataba. Asije mwingine na 1,500 kesho ukamgeuka wa kwanza. Kubalianeni nani analipa ada ya Escrow.com: mnunuzi, muuzaji, au nusu kwa nusu. Fungua mtandao kwa kuandika anwani mwenyewe, kamwe usibonyeze kiungo alichotuma mnunuzi, kwa sababu zipo kurasa za kuigiza. Subiri mpaka akaunti yako ndani ya mtandao iseme pesa zimeingia ndipo ufungue kufuli la jina na kutoa namba ya siri ya uhamisho. PayPal siipokei kwa vikoa: mnunuzi anaweza kufungua mgogoro ndani ya siku 180, na wakati huo jina limeshahama.

Chapa karatasi ya muamala kutoka Escrow.com. Benki ikiuliza dola hizi zimetoka wapi, unaiweka mezani. Mdogo wangu aliulizwa Jumatano asubuhi, akaionyesha, akasaini fomu moja, akatoka.